Mwizi wa jouli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuwasha LED kwa betri iliyochoka

Maswali haya ni yale yanayorudi kila wanapokutana watu wanaopenda kuchezea saketi, Unguja na Pemba: wanafunzi wa skuli, mafundi wa simu, na watu wazima waliochoka kutupa betri. Yamepangwa kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale ya pembezoni. Jibu likishatolewa mahali pamoja, kwengine utaelekezwa namba yake tu.

## Mambo ya mwanzo

1. Mwizi wa jouli ni kitu gani hasa?

Ni saketi ndogo yenye transista moja (kiswichi kidogo cha umeme), rezista moja (kipunguza mkondo) na pete ya feraiti, yaani kauri yenye asili ya chuma, iliyozungushiwa nyaya mbili. Kila waya uliozungushwa huitwa koili. Inachukua volti kidogo ya betri moja, hata iliyochoka, na kuipandisha hadi itoshe kuwasha LED nyeupe, zile taa ndogo za kwenye tochi za siku hizi. LED nyeupe haitoi mwanga wa maana mpaka ipate karibu volti 3, na betri moja mpya ya tochi ina 1.5 tu. Ukiziunganisha hivi hivi utakaa gizani.

Saketi za namna hii zilikuwepo tangu zama za redio na televisheni za taa za kioo, kabla ya transista. Hili toleo la kuwashia LED lilichapishwa Novemba 1999 katika jarida moja la elektroniki la Uingereza, likiwa limeandikwa na Z. Kaparnik. Jina "Joule thief" lilitoka kwa Clive Mitchell, na ndilo lililoenea. Jouli, kwa aliyesahau somo la fizikia, ni kipimo cha nishati.

2. Kwa hiyo inatoa umeme wa bure?

Hapana. Swali hili huja kila mara, na video za mitandaoni zinazoonyesha koili "isiyomaliza betri" zinachangia sana. Saketi inapandisha volti kwa kula mkondo zaidi kutoka kwenye betri. Kinachoongezeka upande mmoja kimelipwa upande wa pili, na juu yake kuna hasara.

Piga hesabu. LED inayotumia miliampea 20 kwa volti 3.2 inakula miliwati 64. Tuseme saketi yako ina ufanisi wa asilimia 60, ambao kwa kitu kilichofungwa kwa mkono si mbaya. Betri itatakiwa itoe kama miliwati 107. Ikiwa betri imebaki na volti 1.2, hiyo ni miliampea 89 hivi. Yaani betri inatoa mkondo zaidi ya mara nne ya ule unaopita kwenye LED. Faida iliyopo ni moja: unatumia mabaki ambayo kifaa chengine kimeyakataa.

3. Kwani betri ikishakataa kwenye tochi au rimoti bado ina kitu?

Mara nyingi inacho. Tochi ya LED ya betri tatu hufifia kabisa kila betri inapofika kama volti 0.9, maana zote tatu kwa pamoja zina 2.7. Rimoti na saa za ukutani nyengine hugoma mapema zaidi, betri ikiwa bado na 1.1 au 1.2. Mwizi wa jouli huendelea kula mpaka chini ya 0.6. Ila ndani ya tochi ya betri tatu huenda mbili ni nzima na moja ndiyo iliyokufa na kuziangusha wenziwe, kwa hiyo pima moja moja kabla ya kuhukumu.

4. Si ninunue tochi tu?

Nunua. Tochi ya dukani itakuangazia vizuri zaidi, na hakuna ubishi. Hii ni ya kujifunzia, na ya kubaki na kimwanga cha kutafutia funguo au kwendea chooni usiku umeme ukizimika. Waliokuwa Unguja Mei na Juni 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kebo ya baharini kutoka bara ilipokuwa haileti umeme, wanajua mtu anavyoanza kuthamini kimwanga kidogo. Pemba wakati ule ilikuwa ikijitegemea kwa majenereta ya dizeli ya Wesha. Kebo yake kutoka Tanga ilikuja 2010.

## Vifaa

5. Nahitaji vitu gani?

LED nyeupe moja, transista moja ya NPN (transista ziko za aina mbili, NPN na PNP), rezista ya kilo-omu 1 (mistari ya rangi ya kahawia, nyeusi, nyekundu), pete ya feraiti, waya mwembamba wa rangi mbili, na betri moja. Ukiwa na pasi ya kuchomelea risasi ni bora. Usipokuwa nayo, sokota nyaya vizuri na uzifunge kwa utepe. Itawaka, ingawa swali la 10 litakuhusu zaidi kuliko wengine.

6. Pete ya feraiti nitaipata wapi?

Usiende kuinunua. Tafuta balbu ya kubana matumizi iliyoungua, zile za mirija ya kioo iliyopinda. Ndani ya kitako chake cha plastiki mna kibao cha saketi, na kwenye aina nyingi mna kipete kidogo cheusi au cha kijani chenye koili tatu za mizunguko michache. Ndicho hicho. Vua waya wake wote, uanze upya.

Tahadhari mbili hapa. Kioo kisivunjike, kwani ndani mna zebaki. Fungua kitako kwa bisibisi polepole ukiwa umeshika plastiki. La pili, kibao kina kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) ya volti 400 ambayo inaweza kuwa imebaki na chaji. Balbu iwe imetolewa kwenye umeme tangu siku ya nyuma, na kabla ya kugusa, unganisha miguu ya kapasita kwa rezista ya kilo-omu chache hadi imalizike.

Mafundi wa Darajani na Chake Chake huwa na ndoo za vibao vibovu, na ukiomba kwa adabu hupewa. Pete kubwa za njano zenye upande mweupe, za kwenye pawasaplai za kompyuta, si feraiti bali unga wa chuma. Zinafanya kazi kwa kusuasua na zinataka mizunguko mingi zaidi.

7. Transista gani inafaa?

Karibu yoyote ndogo ya NPN: BC547, BC337, 2N3904, S8050, C945, C1815. Ya kutolewa kwenye redio mbovu ni sawa kabisa. Zile za 13001 na 13003 zilizomo kwenye balbu uliyoifungua zinajaribika, lakini uwezo wake wa kukuza mkondo ni mdogo, usianze nazo.

Kinachowaponza watu ni miguu yake mitatu: kolekta, besi na emita. Ukiishika transista sura bapa ikikutazama na miguu ikiangalia chini, BC547 na BC337 zinasoma kolekta, besi, emita kutoka kushoto. 2N3904 na S8050 ni kinyume: emita, besi, kolekta. C945 na C1815 zina mpangilio wao, emita, kolekta, besi, na besi inakaa pembeni. Mchoro uliochorwa kwa BC547 ukiufuata na C945 mkononi hutapata mwanga hata ukeshe.

8. Betri aina gani?

Zinazotupwa: za zinki na kaboni zile za bei rahisi, na za alkalaini. Nene au nyembamba haidhuru. Usitumie za kuchajiwa za volti 1.2. Hizo zinaharibika zikishushwa sana, na saketi hii haina adabu ya kusimama kwenye volti 1 au 0.9, itainyonya mpaka ife. Betri ya simu ni habari nyengine, ipo swali la 16.

## Kufunga

9. Naunganisha vipi?

Chukua nyaya mbili, tuseme nyekundu na kijani, zile za ndani ya kebo ya simu zinafaa. Zilaze pamoja ubavu kwa ubavu na uzipitishe ndani ya pete kama mara 12, ukienda upande mmoja bila kugeuza. Ukimaliza una ncha nne: mwanzo mwekundu, mwanzo wa kijani, mwisho mwekundu, mwisho wa kijani.

Funga mwanzo mwekundu na mwisho wa kijani pamoja. Hapo ndipo panapokwenda chanya ya betri. Mwisho mwekundu uende kwenye kolekta. Mwanzo wa kijani uende kwenye rezista, na upande wa pili wa rezista uende kwenye besi. Emita iende hasi ya betri. LED ikae kati ya kolekta na emita, mguu mrefu ukiwa upande wa kolekta.

Basi. Hakuna kingine.

10. Nimefunga kama ulivyosema na haiwaki.

Hiki ndicho kilio kikuu, na karibu kila mara dawa yake ni moja kati ya hizi, kwa mpangilio huu.

Kwanza, geuza koili ya besi: ncha yake iliyokwenda chanya iende kwenye rezista, na iliyokuwa kwenye rezista iende chanya. Koili zikivutana kinyume saketi haitetemeki, yaani haifungui na kufunga mkondo kwa haraka, inakaa kimya na kula betri. Sababu iko swali la 14.

Pili, LED imegeuzwa. Igeuze tu, haiumi.

Tatu, miguu ya transista. Rudi swali la 7.

Nne, na hili huwasumbua wanaotumia waya wa shaba wa kwenye transfoma au mota: ule waya umepakwa vanishi. Kwa macho unaona shaba, kwa umeme ni kama umevaa koti. Kwangua ncha kwa wembe mpaka ing'are kwelikweli, pande zote, ndipo uunganishe.

Tano, betri imekufa kabisa. Kwa majaribio ya kwanza tumia betri mpya. Watu wanaanza na betri waliyoiokota uani halafu wanalaumu saketi. Ikiwaka kwa betri mpya, ndipo uishushe daraja.

Ikiwa yote sawa na bado kiza, badilisha transista. Inawezekana uliiunguza wakati wa kuchomea au ilitoka imekufa kwenye redio.

11. Nitajuaje kama inatetemeka, na sina osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme)?

Chukua redio yenye mawimbi ya kati, iweke pasipo na stesheni, isogeze karibu na saketi. Ikitetemeka, redio itatoa mlio au mvumo unaobadilika ukigusa koili. Ukikata betri mlio unakatika. Kwa kazi hii redio ya mzee ya zamani inashinda simu yoyote. Lakini kwa sababu hiyo hiyo usiiache saketi ikiwaka karibu na mtu anayesikiliza taarabu. Atakukumbuka kwa ubaya.

12. Mita inaonyesha volti 2 kwenye LED, na umesema inataka 3?

Umeme pale unakuja kwa mapigo, maelfu mengi kwa sekunde, na mita ya kawaida inatoa wastani wake au inachanganyikiwa kabisa. Usiiamini upande wa LED. Pima unapoweza kuiamini: volti ya betri, na mkondo unaotoka kwenye betri. Mkondo wa miliampea 30 hadi 90 ni wa kawaida.

## Inavyofanya kazi

13. Volti 1 inageukaje 3?

Transista inapofunguka, mkondo unapita kwenye koili na kuongezeka taratibu, huku nishati ikijikusanya katika sumaku ya pete. Halafu transista inafunga ghafla. Mkondo wa koili una tabia ya dau lililoshika kasi: ukitua tanga halisimami pale pale, linaendelea kwenda. Njia ya transista imefungwa, kwa hiyo volti kwenye kolekta inapanda yenyewe mpaka ipate pa kutokea, na pa kutokea ni LED. Inapanda hadi 3 na kitu kwa sababu hapo ndipo LED inapofungua mlango. Laiti LED isingekuwepo ingepanda zaidi; tazama swali la 20.

Kanuni ya chini yake ni ile ya Michael Faraday ya mwaka 1831: sumaku inayobadilika ndani ya koili inazaa volti, na ikibadilika haraka inazaa nyingi.

14. Kwa nini koili mbili badala ya moja?

Moja inafanya kazi, ya pili inatoa amri. Mkondo unapokua kwenye koili ya kolekta, koili ya besi inapata volti inayoisukuma transista ifunguke zaidi. Inafika mahali pete imejaa sumaku, au besi haina nguvu ya kubeba mkondo zaidi. Ukuaji unasimama, volti ya koili ya besi inaporomoka na kugeuka, transista inafunga. Nishati ikishatoka kupitia LED, mchezo unaanza upya. Ukizifunga kinyume, koili ya besi inaizuia transista mwanzoni kabisa, na ndiyo maana dawa ya kwanza kwenye swali la 10 ni kugeuza ncha.

## Kuongeza makeke

15. Naweza kuwasha LED nyingi?

Mbili au tatu kwa mfululizo, ndiyo. Volti itapanda yenyewe kuzifikia. Usitegemee mwanga mara tatu, kwani nishati ni ile ile inagawanywa. Kushusha rezista hadi omu 470 kunaongeza mwanga na kumaliza betri upesi. Mimi naona LED moja nzuri inatosha.

Ukitaka umeme ulionyooka badala ya mapigo, weka dayodi (inayopitisha mkondo upande mmoja tu) na kapasita baada ya kolekta. Dayodi iwe ya haraka, 1N5819 au 1N4148. Ile 1N4007 iliyojaa kwenye vibao vya chaja ni ya umeme wa majumbani wa mapigo 50, hapa inachelewa kufunga na kurudisha nishati nyuma.

16. Nitumie betri mbili, au betri ya simu?

Haina haja. Betri ya simu ina volti 3.7, imeshaipita LED. Mkondo utapita moja kwa moja kwenye koili hadi kwenye LED bila kitu cha kuuzuia, na LED itaungua. Juu ya hapo betri za lithiamu zikipigwa shoti zinawaka moto. Betri mbili mpya za 1.5 ziko mpakani na hazikufundishi chochote.

17. Itachaji simu?

Haichaji. Chaja ya kawaida inatoa volti 5 kwa ampea 1, yaani wati 5. Kuzitoa kwenye betri ya volti 1.2 kunataka zaidi ya ampea 4 kabla hata ya hasara, na betri iliyochoka haiwezi. Hata betri mpya nyembamba ya alkalaini ina kama wati-saa 2 hadi 3, na simu ya miliampea-saa 4,000 inataka kama 15.

18. Zile taa za sola za bustani za mahoteli zinatumia kitu hiki hiki?

Kanuni ni hiyo hiyo, ila kazi ya transista na koili ya pili inafanywa na chipu ya miguu minne, mara nyingi QX5252F, na nje imebaki koili moja ndogo inayofanana na rezista nene. Taa zinazotupwa na mahoteli ya Nungwi au Paje kwa kawaida zina chipu nzima. Kilichokufa ni betri ya ndani au bati za kuishikia, zilizoliwa na hewa ya bahari. Badilisha betri, kwangua kutu. Anayetaka kwenda mbali zaidi kwenye sola, Kinyasini kuna chuo cha Barefoot kinachofundisha kina mama ufundi huo.

## Maswali ya pembezoni

19. Naweza kuiendesha kwa ndimu au maji ya bahari?

Unaweza, ukishusha matarajio. Kipande cha bati la paa lenye zinki na kipande cha shaba vikitiwa ndani ya ndimu au maji ya bahari vinatoa chini kidogo ya volti 1, na hiyo inatosha kuiamsha transista. Tatizo ni mkondo: ndimu moja inatoa chini ya miliampea moja, na saketi ya swali la 9 inataka makumi.

Fanya hivi. Panua sahani, kwa sababu eneo ndilo linaloongeza mkondo, na kwa hilo ndoo ya maji ya bahari inaishinda ndimu. Ongeza rezista iwe kilo-omu 4.7 au 10 ili saketi ile kidogo. Weka kapasita kubwa kidogo sambamba na chanzo. Utapata mwanga hafifu wa kuonekana gizani, na kwa maonyesho ya skuli huo unatosha. Kinacholiwa pale ni zinki, si chumvi wala ndimu: baada ya muda utaona bati limechakaa. Na ndimu iliyotumika haikamuliwi tena kwenye urojo.

20. Inapiga shoti?

Kwa betri moja na LED ikiwepo, hapana. Ukiitoa LED saketi ikiwa inafanya kazi, kolekta inaweza kuruka hadi makumi ya volti. Utakachopoteza ni transista, maana BC547 inavumilia 45 tu.

Kuongeza koili ya tatu yenye mizunguko mamia ili kuwasha mirija ya balbu ni jambo jengine, na kapasita za flashi za kamera za zamani ni jengine zaidi. Hizo hukaa na volti 300 hivi. Maelezo yake hayamo hapa kwa makusudi.

21. Saketi iliwaka wiki mbili halafu ikafa, iko dirishani upande wa bahari.

Chumvi. Chunguza viungo vya betri kwanza, ukiona kijani kibichi au unga mweupe umeshajua. Safisha kwa spiriti, ikauke, upake vanishi au hata rangi ya kucha juu ya sehemu zilizochomewa, usiguse bati za betri.

22. Betri ikishanyonywa kabisa niifanye nini?

Itoe mara moja LED inapozima. Betri iliyokamuliwa mpaka mwisho huvuja: ya zinki na kaboni ganda lake lenyewe ndilo linaloliwa, na ya alkalaini hutoa maji yenye sumu ya kuunguza ngozi. Usizichome na usizifukie karibu na kisima. Maji yetu ya kunywa yanatoka chini ya ardhi, na mawe ya matumbawe hayazuii kitu.

23. Inaweza kushuka hadi volti ngapi?

Transista ya silikoni inataka kama 0.6 ili ianze, lakini ikishaanza huendelea hadi 0.4 au chini kidogo. Ndiyo maana unaona LED bado inawaka, ukikata betri na kuirudisha inagoma.

Ukibahatika kupata transista ya jemani kwenye redio ya miaka ya sitini, hiyo inaanza kwa 0.2 au 0.3. Nyingi ni za PNP, kwa hiyo geuza betri na LED. Chini ya hapo ni kazi ya chipu maalumu: LTC3108 inaanza kwa volti 0.02, ikisaidiwa na transfoma yenye uwiano wa 1 kwa 100, na hiyo haitoki kwenye balbu mbovu.